Kijiti Nisichokisimika

Miche yangu ya kwanza ya nyanya mwaka ule haikuwa na ugonjwa wowote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Ilikuwa na kosa moja tu: haikulingana. Baadhi ilikuwa imefika urefu wa kiganja, mingine urefu wa kidole, na ile ya pembeni ilikuwa imepinda kufuata jua. Nilikuwa nimeiotesha mwenyewe kwenye kitalu nyuma ya nyumba yetu, hapa Kasulu, mwezi wa saba, katika udongo niliouchekecha kwa chekecheke la unga mpaka mama akasema lile chekecheke sasa ni langu, yeye atanunua jingine. Kila jioni niliimwagilia kwa kopo nililolitoboa matundu kwa msumari.

Hakuna aliyenifundisha. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikabaki na simu na video za watu wanaolima ndani ya mabanda ya nailoni, ambako kila mche umesimama kama askari kwenye gwaride. Nilitazama video hizo mpaka bando likaisha, nikaandika kwenye daftari, nikarudia kuandika kwa mwandiko mzuri zaidi. Nilitaka gwaride.

Bonde tunalolima liko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini. Wakati wa kiangazi vilima vyote huwa vimekauka na kuungua, lakini kule chini kijito kinaendelea kutiririka na udongo ni mweusi na laini. Kikundi chetu kina watu kumi na wanne. Kila mmoja ana kipande chake, upana wa hatua kumi na mbili, na vipande vyote vinashuka kandokando ya mfereji mmoja. Maji huingia kwa juu, kwa mwenyekiti, yakashuka mpaka mkiani, ambako ikifika mwezi wa tisa hufika kidogo au hayafiki kabisa. Ukitaka kumwagilia, unaziba mfereji kwa kipande cha mgomba, maji yanapanda, yanaingia kwenye matuta yako. Ukimaliza unachomoa kizibo, yanakwenda kwa jirani. Kwa hiyo maji ya jirani yako ni maji yaliyokwisha kupita kwako.

Ndiyo maana kuna desturi ya kijiti. Ukiona mmea umeugua kwa namna usiyoielewa, unasimika kijiti chenye kipande cha kitenge mahali mfereji unapoingia kwako. Walio chini yako wakikiona wanafunga maji yao siku hiyo. Wewe unauchimba mmea pamoja na udongo wake, unautia kwenye ndoo, unapanda nao mpaka kwenye shimo kule juu, unauchoma. Baada ya siku mbili tatu, kama hakuna jipya, unakichomoa kijiti. Si jambo kubwa. Wenye miaka mingi pale wamesimika vijiti mpaka wanataniana.

"Naona leo kwako kuna msiba."

"Upo. Lete mchele."

Mimi nilikuwa sijawahi kusimika. Huo ulikuwa msimu wangu wa tatu, na mdomo wa mfereji wangu ulikuwa safi tangu nilipoingia. Nilijua hesabu hiyo kuliko ninavyojua siku yangu ya kuzaliwa.

Aliyekuwa chini yangu, mpokeaji wa kwanza wa maji yangu, alikuwa mama mmoja mjane, mkubwa kuliko mama yangu kwa miaka michache. Aliolewa huku kutoka Kibondo zamani sana, akazaa na kuzika huku, lakini watu bado walimwita mama wa Kibondo. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, akitembea aliegemea jembe. Katika kipande chake hapakuwa na mstari hata mmoja ulionyooka. Mchicha uliota katikati ya vitunguu, giligilani ilijiotea kila mahali kutokana na mbegu za mwaka jana, naye akaiacha, akisema imemzoea. Mimi nilikuwa napanda kwa kamba niliyoifunga kwenye vigingi viwili, nikipima kati ya mche na mche kwa kijiti nilichokikata kwa rula. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kiha, mwakeye, nami nikamwitikia, kisha akanianza.

"Mwalimu wa kamba, leo umeshapima upepo?"

"Bado, mama. Nasubiri utulie."

"Ukitulia uniite na mimi nijipange."

Mwezi wa nane dada yangu alijifungua Kibondo. Nilikwenda kumsaidia wiki moja. Siku ya kurudi, pale stendi, nikamwona kijana anauza miche ya nyanya kwenye maboksi. Yote ilikuwa sawa: kimo kimoja, majani meusi kwa ukijani, shina nene. Nilisimama kuitazama mpaka akaniuliza kama nimepotewa na kitu. Sikumwuliza ametoa wapi mbegu, wala kitalu chake kiko wapi, wala kama mahali hapo palilimwa nyanya au viazi mwaka uliopita. Maswali yote hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari langu kwa wino wa bluu. Nilinunua maboksi mawili na nikasafiri nayo mapajani mpaka Kasulu, nikiyakinga na viwiko vya watu.

Nyumbani nilikuta miche yangu imenyooka vizuri baada ya wiki ya kumwagiliwa na mama, lakini bado haikulingana, na nikaionea aibu. Nikaipeleka kwa mama wa chini.

"Mama, nina miche imebaki."

"Imebaki kwako? Wewe hubakizi kitu."

"Haikulingana kimo."

"Na mimi je, nimelingana?" Akajipiga nyonga, akacheka, akaipokea ile miche kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto. Aliipanda siku hiyo hiyo, hapa na pale, popote alipoona nafasi.

Ile ya Kibondo nikaipanda kwangu kwa kamba. Niliyobakiza nikaiweka nyumbani kwenye makopo, ili ikue sambamba na ya shambani na iwe akiba ya kuziba pengo. Sikumwambia mtu ilikotoka. Nilitaka waamini kwamba nimeiotesha mwenyewe ikatoka vile.

Baada ya wiki tatu hivi, saa sita mchana, mche mmoja wa mstari wa pili ulilegeza majani yote. Haukuwa na manjano, haukuwa na doa. Ulikuwa wa kijani vilevile, ila ulining'inia kama uliochemshwa. Jioni ukasimama tena, nikafurahi. Kesho yake mchana ukalala, na jirani yake akalala pia.

Niliung'oa wa kwanza, nikauficha ndani ya kapu chini ya mchicha, nikaenda nao nyumbani. Nilikata shina kwa kisu, nikachukua glasi ya maji safi, nikaning'iniza kile kipande kigusane na maji. Kwenye video walikuwa wameonyesha. Ukisubiri dakika chache, kama ni mnyauko wa bakteria, utaona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye shina kama moshi uliogeuzwa kichwa chini. Nilisubiri. Uzi ukashuka. Nikamwaga maji, nikaosha glasi kwa sabuni, nikakata upya. Ukashuka tena, mwembamba, mweupe, bila haraka.

Kwa hiyo nilijua. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia hadithi hii bila ile glasi, kwa sababu bila glasi mimi ni msichana asiyejua. Nilijua jina lake, nilijua hauna dawa, nilijua unasafiri kwa udongo na kwa maji.

Asubuhi iliyofuata niliwahi bondeni ukungu ukiwa bado umelala. Nilikuwa na kipande cha kitenge mfukoni, hilo niseme kwa haki yangu, nilikichana nyumbani kabla ya kutoka. Nikafika pale mfereji unapoingia kwangu, nikatazama ile ardhi safi isiyo na tundu la kijiti. Nikawaona akilini watu wakija mmoja mmoja, wakisimama, wakisema ahaa, hata kwa mwalimu wa kamba. Wangecheka kidogo tu. Najua sasa kwamba wangecheka kidogo tu na mimi ningewaambia leteni mchele.

Kitenge kilibaki mfukoni. Niliung'oa ule mche wa pili mgonjwa, nikaukung'uta udongo wake urudi kwenye shimo, ili shimo lisionekane. Nikaosha mizizi ndani ya mfereji, kapu lisije likachuruzika tope njiani. Nikaosha jembe na mikono. Kisha nikapanda miwili kutoka kwenye makopo, ya kimo kilekile, nikashindilia, nikalainisha udongo kwa kiganja. Jua lilipotoka, mstari ulikuwa umejaa.

Mwenyekiti alipita, mzee mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, akasimama.

"Kipande hiki kinanitia aibu," alisema. "Mimi kwangu panaonekana kama alipolala ng'ombe."

"Ni kujitahidi tu, mzee."

"Endelea kujitahidi, na sisi tuendelee kukutazama."

Nilirudia hivyo asubuhi nyingine, na nyingine. Sijui ni ngapi. Najua ni nyingi kuliko ninavyosema nikiulizwa. Kila siku miwili, mitatu, mara moja mitano, na kila mara nilikung'uta, nikaosha, nikaziba. Nilikuwa mwangalifu sana. Hata kucha nilizisafisha kwa mwiba kabla watu hawajafika, na uchafu wake ukaenda na maji.

Mama wa chini aliuona ugonjwa mchana mmoja, alipokuwa akipumzika kivulini akila mhogo. Hakumaliza mhogo. Alisimama, akachana upindo wa kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni, akavunja kijiti kwenye ua, akakisimika. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi.

"Jamani wa huko chini, kwangu kuna msiba. Fungeni maji."

Wakafunga. Akachimba mmea na udongo wake wote, kama inavyotakiwa, akajaza ndoo nusu. Alipojaribu kuinyanyua nyonga ikakataa. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nikaenda nikaibeba mimi. Nilipanda na ile ndoo mpaka kwenye shimo, yeye akifuata polepole na jembe lake, na tulipofika juu akaniwekea mkono mgongoni.

"Mungu akubariki, mwanangu. Wengine wangesema si kwao."

Nilitazama moto ukiwaka. 

Ndani ya wiki mbili, nusu ya nyanya zake zilikuwa zimelala, kisha za vipande viwili vilivyomfuata. Kwangu akiba ya makopo iliisha. Nikajua kwamba sasa pengo litaonekana, basi asubuhi moja niling'oa nyanya zote, zilizougua na zisizougua, nikapanda karoti na giligilani. Nikawaambia watu kwamba wenye hoteli mjini wanahitaji giligilani ya pilau kuliko nyanya. Wakasema binti huyu anaona mbali. Mmoja akaniomba mbegu.

Bwana shamba alikuja na pikipiki. Aliomba glasi, akakata shina la nyanya ya mama wa chini mbele ya wote, akalining'iniza ndani. Watu waliinama kutazama. Ule uzi mweupe uliposhuka wakasema eeh kwa pamoja. Nami nikasema eeh.

"Miche ulitoa wapi, mama?" bwana shamba aliuliza.

"Nilipewa na binti huyu."

Wote wakanigeukia. Mpaka leo nikifumba macho naona zile nyuso, na hakuna hata moja yenye shaka. Zilikuwa zinasubiri tu nijibu, kisha waendelee.

"Niliiotesha mwenyewe nyumbani," nilisema. "Mbegu ya pakiti, ya dukani. Haikuwa na shida."

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

"Na hivi viazi?" Bwana shamba alionyesha mistari miwili ya viazi mviringo, nyuma ya vitunguu vya mama. "Mbegu yake?"

"Kaka yangu aliniletea kutoka Kibondo."

"Mbegu ya viazi inaweza kubeba ugonjwa huu," alisema. "Sisemi ndiyo. Nasema inawezekana."

Yeye alisema inawezekana. Bonde likasikia ndiyo. Tena ilikuwa imetoka Kibondo, na mwenye kipande ni wa Kibondo, na kijiti cha kwanza kilikuwa chake. Niliona jinsi mambo hayo yalivyopangana vichwani mwa watu, yakanyooka kuliko mstari wowote niliowahi kupanda.

Mkutano ulikaa Jumapili baada ya ibada, chini kwenye nyasi. Bwana shamba alikuwa ameshauri kwamba vipande vilivyougua visipandwe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi kwa misimu kadhaa. Mwenyekiti akaongeza lake. Alisema kipande cha mama kiko karibu na juu, maji yake yanapita kwa watu wengi. Ingekuwa vyema ahamie mkiani, kwenye ardhi iliyo wazi, ili maji yake yasiende kwa mtu.

"Mkiani maji hayafiki," mama alisema. "Nitayabeba kutoka kijitoni. Kwa nyonga hii."

"Hatukufukuzi, mama. Tunalinda bonde."

"Nilisimika kijiti siku ileile, mzee. Mchana uleule."

"Tunajua. Hakuna anayesema ulificha."

Alitutazama mmoja mmoja. Aliponifikia hakukaa kwangu zaidi ya kwa wengine. Ningesema wakati ule. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, nilihisi hewa kwenye meno.

"Sawa," alisema. "Mmeshasema."

Na mwenyekiti, kwa wema kabisa, akasema, "Mwalimu wa kamba atatupimia."

Nikapima. Nilichukua kamba yangu na vigingi vyangu, nikampimia kipande cha mkiani, hatua kumi na mbili, kona zote nne zikiwa kona kweli. Nilipima mpaka kwa mshazari, kama nilivyoona kwenye video ya mafundi ujenzi. Mama alisimama na jembe lake akinitazama.

"Pima vizuri, mwanangu," alisema. "Nisije nikaambiwa tena nimeingia kwa mtu."

Nilipima mara mbili.

Kuanzia siku hiyo nilibadilisha njia. Badala ya kushuka kwa njia ya chini inayopita mkiani, nilizunguka kwa juu, na nikasema kwamba kwa juu kuna tope kidogo. Hakukuwa na tope mahali popote, mvua zilikuwa bado. Kwa mbali nilimwona akipanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani, akitua, akinyanyua. Usiku nilikula vizuri, nililala vizuri, na hilo pia lilinitisha. Ugonjwa wangu ulikuwa wa mchana, saa sita, saa ile mimea inapolala. Saa hiyo nilikuwa nakaa chini, nahesabu karoti, nikimaliza naanza upya.

Siku moja mbuzi wa mtu alivunja ua wa juu na njia ikazibwa, nikalazimika kupita chini. Nikamkuta mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya njia, maji yote yamemwagika na kukauka.

"Umeanguka, mama?"

"Hapana. Nimekaa kuhesabu miguu. Bado ni miwili."

Alicheka. Mimi ndipo nikasema, bila kupanga, bila kutafuta sentensi nzuri.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ule mnyauko. Ulitoka kwangu. Miche yangu nilinunua Kibondo, stendi. Si viazi vyako."

Alilivuta jembe lake karibu. Kisha akauliza, "Ile uliyonipa?"

"Ile ilikuwa mizima. Ile ndiyo niliyoiotesha. Ugonjwa ulikujia kwa maji, kutoka kwangu."

"Ulijua lini?"

"Kabla yako. Wiki mbili kabla, labda zaidi. Nilikuwa nang'oa asubuhi na kupanda mingine."

Alifikiri. Niliona anarudi nyuma, siku baada ya siku, akitafuta mahali fulani.

"Ulipobeba ndoo yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulipopima kamba?"

"Nilikuwa najua."

Nikaanza kulia. Alininyooshea kidole, si kwa ukali, kama mtu anayezuia kuku asiingie ndani.

"Usinililie. Maji ya kubeba ninayo ya kutosha."

Nikanyamaza, au nilijaribu.

"Na mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyejihamisha?"

"Nitasema kwenye mkutano ujao."

"Mkutano," alisema. Akajishika kwenye jembe, akainuka, akachukua ndoo yake. "Mimi kijiti changu kilisubiri mkutano?"

Akaenda kijitoni kuteka. Nilitaka kumpokea ndoo, lakini alikuwa ameishika kwa mkono ulio mbali nami, na hakuibadilisha.

Nilipanda mpaka kwangu. Nilichana upindo wa kitenge nilichokuwa nimevaa, kipya, cha sikukuu, kwa sababu sikuwa na kingine. Nikavunja kijiti, nikakisimika mahali mfereji unapoingia. Kilikuwa kimepinda. Mkono wangu ulikwenda kukinyoosha, nikaurudisha. Kisha nikakaa pembeni yake.

Watu walipokuja jioni kumwagilia walishangaa. Karoti haziugui vile. Wa kwanza aliniuliza nina msiba gani, nikamweleza wote, glasi na makopo na mizizi niliyoiosha. Wa pili akaja, nikaanza upya. Nilieleza mara saba jioni ile, na kila mara ilikuwa fupi zaidi, na mbaya zaidi, kwa sababu yale maneno ya kujitetea yalikuwa yanaisha. Mwanamke mmoja aliyepoteza nyanya zote, wa kipande cha pili chini ya mama, alinisikiliza mpaka mwisho akasema tu, "Wewe mtu msafi hivyo." Mwenyekiti alivua kofia yake ya sufu, akajikuna, akaivaa.

"Na sisi tulikuwa tunakusifu," alisema.

Hakuna aliyenifokea. Heri ningefokewa.

Mkutano ulipokaa, waliamua mama arudishiwe kipande chake. Nilifurahi nusu dakika. Kisha yeye akakataa.

"Vitunguu vyangu vya mkiani vimeshashika," alisema. "Na kile mnachonirudishia ni kitanda cha mgonjwa. Nihame tena ili roho ya nani itulie?"

Hakunitazama alipolisema hilo. Ikabidi waliache. Vipande vyetu viwili, chake cha zamani na changu, wakanipa mimi nivitunze bila nyanya mpaka udongo upone, nipande mahindi, kabichi na vitunguu, na nisipitishe maji kwa mtu bila kuambiwa. Kuhusu kumtekea mama maji hawakuamua kitu. Nilianza mwenyewe. Siku ya kwanza alinikuta nimeweka ndoo mbili kando ya matuta yake. Akaziacha pale mpaka jioni, akateka zake. Siku ya tatu akazitumia, akasema niziache juu njiani, matuta yake atayamwagilia mwenyewe, mimi nina tabia ya kupangia watu. Kisha mvua zikaja, na maji yakawa ya kila mtu.

Huo ulikuwa mwaka juzi. Kiangazi hiki bado nabeba ndoo. Bado tunasalimiana mwakeye, lakini haniulizi tena kuhusu upepo. Siku hizi ananiita binti. Zamani alikuwa ananiita mwanangu, na sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo mpaka lilipoacha kusemwa.

Kipande cha mkiani hakikuwahi kuwa na ugonjwa, kwa hiyo nyanya anaruhusiwa. Mwezi uliopita alinikuta kisimani mjini, akaniambia kama vile anaendeleza mazungumzo ya jana, "Nasikia unaotesha tena nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Niletee. Usichague."

Sikuchagua. Nilimpelekea mirefu kwa mifupi, na iliyopinda. Aliipokea kwa mkono mmoja, akaiweka kivulini. Kisha akaingiza mkono kwenye kapu lake akatoa glasi. Glasi ya chai, ndogo, iliyofungwa kwenye kitambaa ili isivunjike. Aliijaza maji ya kijitoni, akaingiza vidole kati ya miche, akavuta mmoja, mzuri kuliko yote, akaukata kwa kisu cha mboga na kuuning'iniza ndani.

Tulichuchumaa wawili, tukitazama. Bwana shamba alikwisha kutueleza kwamba mche mdogo unaweza kuwa nao ugonjwa na glasi isionyeshe. Yeye anajua hilo, nami najua kwamba anajua.  Maji yalikaa kimya. Dakika zilipita, nzi akatua kwenye mdomo wa glasi, akaondoka. Maji yakabaki maji.

Aliyamwaga chini ya mchicha, akaifuta glasi, akaifunga tena kwenye kitambaa chake.

"Haya," alisema. "Wiki ijayo lete na mingine. Nitakuja na glasi."